Turbo ya ukubwa gani kwa IST, Starlet au Passo ukiwa Dodoma? Tupige hesabu ya hewa kwanza

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa yeyote wa Dodoma, Singida, Kondoa au Iringa mwenye gari la injini ndogo ya petroli anayefikiria kulifunga turbo, yaani kifaa kinachotumia moshi wa ekzosi kuisukumia injini hewa zaidi. Swali ninaloletewa gereji huwa lilelile: "Fundi, nimepata turbo ya gari fulani kwa bei nzuri, itakaa?" Kukaa itakaa. Ukiwa na mashine ya kuchomelea na kipande cha bamba, turbo yoyote inafungika kwenye manifodi yoyote ya ekzosi. Kinachotakiwa kujulikana kabla ya kutoa hela ni injini yako inakula hewa kiasi gani, kwenye mizunguko ipi, na ni hewa ya wapi. Hilo la wapi ndilo watu wengi wanaliruka, na kwetu huku juu ndilo linalovuruga kila kitu.

Dodoma mjini tuko kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari. Pale Dar presha ya hewa ni karibu kilopaskali 101. Hapa kwetu ni 88 na ushee. Maana yake kila mara pistoni inaposhuka kuvuta hewa, inapata pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko gari hilohilo likiwa Kariakoo. IST ya injini ya 1NZ-FE ambayo kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 109, hapa ina kama 95, na hapo injini ni nzima. Kwa hiyo anayesema gari lake "lilikuwa na nguvu lilipotoka bandarini" hajakosea. Ukipanda Singida au Iringa, ambako ni juu zaidi, linapungua tena.

Ndiyo maana turbo ina faida kubwa huku kwetu kuliko pwani. Ila turbo iliyochaguliwa kwa hesabu za pwani ikiletwa huku inafanya kazi nje ya eneo lake.

Twende kwenye hesabu. Chukueni karatasi, si ngumu.

Injini ya mipigo minne inajaza silinda zake zote mara moja kila inapozunguka mara mbili. 1NZ ina sisi 1,497, yaani lita 1.5. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inajaza mara 3,000, kwa hiyo lita 4,491 za hewa kila dakika. Hakuna injini ya kawaida ya barabarani inayojaa asilimia mia, tuipe 90. Inabaki kama lita 4,040.

Lita peke yake haitoshi, kwa sababu mafuta yanachomwa kwa uzito wa hewa. Tuseme tunataka busti, yaani presha inayoongezwa na turbo, ya bar 0.5, ambayo ni psi 7 na kidogo, na hewa ikitoka kwenye intakula (kipoza hewa) ina nyuzi 50. Hapa Dodoma presha kamili ndani ya manifodi ya kuingizia hewa itakuwa 88.6 kujumlisha 50, yaani kilopaskali 138.6. Hewa ya presha hiyo na joto hilo ina uzito wa karibu kilo 1.5 kwa kila mita ya ujazo. Lita zetu 4,040 ni mita za ujazo 4.04. Zidisha, unapata kilo 6 za hewa kwa dakika.

Hiyo kilo 6 ndiyo namba ya kwenda nayo kutafuta turbo. Si sisi, si jina la gari lililoibeba turbo, wala si upana wa mdomo wake. Kwa injini ya petroli, kila kilo moja ya hewa kwa dakika huzaa takribani farasi 22, kwa hiyo tunazungumzia farasi 130 hivi. Kutoka 95 hadi 130 kwenye gari la ukubwa wa IST ni mabadiliko ambayo hata abiria wa nyuma atayahisi.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa mizunguko 2,500, maana hapo ndipo unapoendeshea kila siku. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro, vijiji vyenye kibao cha 50 ni vingi, na ukiachiwa unakwenda 80 au 100. Injini haioni mizunguko 6,000 safari nzima, labda siku unaipita semi kwenye mlima wa kutoka Dumila kupanda Gairo. Kwenye 2,500 na busti hiyohiyo, injini inahitaji kama kilo 2.5 tu kwa dakika.

Kwa hiyo turbo yako inatakiwa iweze kutoa kilo 2.5 bila kuyumba na kilo 6 bila kukabwa. Hapo ndipo kuchagua kunapoanza.

Kila mtengenezaji anayeeleweka ana ramani ya kompresa, yaani upande wa turbo unaobana hewa, kwa kila turbo yake. Mstari wa chini unaonyesha uzito wa hewa, wa kando unaonyesha uwiano wa presha, yaani presha inayotoka ukigawanya kwa presha inayoingia. Kati kuna duara kama visiwa, kila kisiwa kina asilimia ya ufanisi. Kushoto kuna mstari ambao ukiuvuka hewa inarudi nyuma, kompresa inatetemeka na utasikia inakoroma. Hali hiyo ikiendelea inaua beringi. Kulia kabisa kompresa imekabwa: inazunguka kwa kasi kubwa, inapasha hewa moto, na hakuna kinachoongezeka.

Ugeni wa Dodoma unaingia hapo kwenye uwiano. Filta inakula kidogo, kwa hiyo tuseme kinachoingia kwenye kompresa ni kilopaskali 87.5. Kinachotakiwa kutoka, pamoja na kinachopotea kwenye intakula na mabomba, ni kama 143.5. Gawanya: 1.64. Busti hiyohiyo ya bar 0.5 pale Dar ni uwiano wa 1.56. Na kama unataka manifodi yako ya Dodoma iwe na presha kamili ileile ambayo mwenzako wa Dar anaipata kwa bar 0.5, utahitaji uwiano wa karibu 1.8. Geji zinasoma presha iliyozidi hewa ya mahali ulipo, ndiyo maana watu wawili wakilinganisha busti kwa simu, mmoja Kigamboni na mwingine Nzuguni, wanazungumza vitu viwili.

Hata ile kilo 6 haisomwi hivyohivyo kwenye ramani. Ramani nyingi zimechorwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari, na hewa yetu nyepesi inachukua nafasi kubwa zaidi kupita kwenye kompresa. Ukiisahihisha, kilo 6 za Dodoma zinasomeka kama 6.6 hadi 7 kulingana na presha aliyotumia mtengenezaji. Nukta yako inasogea kulia na kupanda juu kwa pamoja. Turbo ambayo pwani ilikuwa inakaa katikati ya kisiwa, huku unaweza kuikuta iko ukingoni. Kwa hiyo acha nafasi kidogo upande wa kulia. Nasema kidogo, kwa sababu naona wengi wakisikia hivi wanakimbilia turbo kubwa maradufu.

Upande wa moto nao, yaani tabaini, una kipimo chake kinachoitwa A/R: eneo la njia ya moshi ukigawanya kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti. A/R ndogo inaufinya moshi ukaenda kasi. Ni kama kuziba mdomo wa bomba la maji kwa kidole, maji yanaruka mbali lakini ndoo haijai upesi. Turbo inaamka mapema, ila ukifika mizunguko ya juu moshi unajazana ndani na injini inashindwa kutoa pumzi. A/R kubwa ni kinyume chake. Kwa gari la kwenda kazini Mtumba na kurudi, na safari ya Iringa mara mojamoja, mimi naegemea A/R ndogo bila wasiwasi.

Watengenezaji wenyewe wametoa mwongozo. Garrett wanaiweka GT1544 kwa injini za lita 1.0 hadi 1.6 na farasi 100 hadi 150. GT1241 ni ya lita 0.4 hadi 1.2 na farasi 50 hadi 130. GT2860RS ambayo vijana wanaipenda kwa jina ni ya lita 1.8 hadi 3.0 na farasi 250 hadi 360. Ukiirudia hesabu yetu ya farasi 130 kwa lita 1.5, unaona wazi tunaangukia wapi. Angalieni pia viwanda vinafanya nini. Ford walipotoa EcoBoost ya lita 1.0 mwaka 2012, waliipa turbo ndogo sana inayozunguka karibu mara 250,000 kwa dakika, na torki yake yote inapatikana kuanzia mizunguko 1,400. Toyota nao kwenye Starlet Glanza V waliweka CT9, turbo ndogo, kwenye injini ya sisi 1,331 wakapata farasi 135. Hao ni wahandisi wenye maabara, na bado walichagua ndogo.

Joto nalisema kwa mkazo. Mchana wa Oktoba hapa, nje ni nyuzi 32 na zaidi. Ukiibana hewa hiyo kwa uwiano wa 1.64 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka ikiwa na nyuzi 97 hivi. Ukiwa na turbo isiyolingana, inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 60, inatoka na 108. Sasa 1NZ ina uwiano wa mbano wa 10.5 kwa 1, mkubwa kwa injini ya turbo. Hewa ya moto ndani ya mbano mkubwa maana yake mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi. Kwa hiyo intakula si pambo, na kwa injini hii isiyofunguliwa ndani mimi sivuki bar 0.5. Anayetaka zaidi ajiandae kubadilisha pistoni.

Na tafadhali, kabla ya yote pima mbano wa silinda. Injini iliyochoka haitibiwi kwa turbo. Kuna gari liliwahi kuletwa kwangu kutoka gereji moja ya mjini, limefungwa turbo vizuri kabisa, mabomba yanang'aa, lakini silinda moja ilikuwa imeshalegea kabla hata kazi haijaanza. Mwenye gari alilipa mara mbili. Inaniuma mtu kupoteza hela kwa kipimo cha dakika chache.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kila mmoja.

---

Mdau wa Nkuhungu:
Mkuu somo limeeleweka. Mimi nina Starlet ya 4E, si Glanza, ile ya kawaida. Nimepata TD04 ya Forester, haina mchezo kwenye shafti, na jamaa ananipa kwa bei ya kirafiki. Nikiifunga kwa busti ndogo si itakuwa salama zaidi?

Mwenye uzi:
Kaka, tupige hesabu ya hewa. Forester ni sisi 1,994. Tuseme pale ilipotoka ilikuwa inaamka kwenye mizunguko 2,800. Injini yako ya sisi 1,331 itatoa moshi wa kiasi hicho ikifika karibu 4,200. Yaani chini ya 4,200 unaendesha Starlet ya kawaida yenye kizuizi kwenye ekzosi, na juu ya hapo nguvu inakuja kwa kishindo. Hapo mjini kati ya Majengo na Area C utafika 4,200 mara ngapi?

Busti ndogo haibadilishi hilo. Westigeti, yaani valvu inayopitisha moshi kando ya turbo busti ikitosha, inaamua turbo isimame wapi, haiamui ianzie wapi.

Kwa gari lako ningetafuta CT9 yenyewe ya Glanza pamoja na manifodi yake, kwa sababu injini ni ya ukoo mmoja na inakaa bila kuunga unga. Kumbuka tu kwamba Toyota waliipa injini ya turbo mbano mdogo kuliko wako. Ukiweka CT9 kwenye injini yako, busti iwe ya chini. Ukipata injini nzima ya Glanza yenye hali nzuri, hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

---

Fundi mkongwe, Kizota:
Kijana, umesema vizuri lakini umewaogopesha watu na turbo kubwa. Mimi nimefanya kazi hizi tangu enzi za Corolla za DX. Turbo ndogo inabana ekzosi, joto linabaki kwenye silinda, valvu za ekzosi zinaungua. Turbo kubwa kidogo inapumua, injini inakaa miaka. Hawa vijana wakifunga vidude vidogo halafu wakaenda nayo Singida mguu chini, tutawaona barabarani wamefungua boneti.

Mwenye uzi:
Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umekuja, na hilo la ekzosi una haki nalo kabisa. Nililipitia juu juu.

Kwa wasomaji: moshi unapofinywa kabla ya tabaini, presha yake inaweza kupita hata presha ya busti. Ikifika hapo, silinda haijisafishi, inabaki na moshi wa moto, na injini inaanza kugonga hata kama geji inaonyesha busti ndogo. Mtu anayeendesha mguu chini kwa muda mrefu, kwa mfano anayepanda Nyang'oro kutoka Mtera kwenda Iringa huku amebeba mzigo, anahitaji tabaini inayopumua zaidi ya yule wa mjini. Kwa huyo ningeacha kompresa ileile ya daraja la GT15, nikachukua nyumba ya tabaini yenye A/R inayofuata kwa ukubwa, na bomba la ekzosi baada ya turbo liwe pana bila kona za ghafla. Bomba pana baada ya turbo huisaidia tabaini kupumua.

Ila mzee, sitakwenda hadi turbo ya lita 2.0 kwenye injini ya 1.3. Hapo tunatibu ekzosi tunaua kompresa: kwenye mizunguko ya kati itakuwa karibu na ule mstari wa kushoto, na dereva atakuwa anakanyaga mafuta akisubiri. Kuipita semi huku unasubiri nguvu ije ni hatari kuliko kutokuwa na turbo.

Fundi mkongwe, Kizota:
Marahaba. Hapo kwenye A/R tumeelewana. Waambie pia wasisahau mrija wa kurudisha oili, ndio unaoua turbo nyingi hapa kuliko hayo mengine.

Mwenye uzi:
Kweli mzee. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha, lakini inatoka kwa kujimwaga yenyewe. Mrija wa kurudi uwe mpana, uelekee chini muda wote, na uingie kwenye sampu (trei ya oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ukiupinda au ukauingiza chini ya usawa, oili inajaa ndani ya turbo na kutokea kwenye sili, gari linatoa moshi wa bluu, halafu mtu anaambiwa turbo ni mbovu. Anabadilisha turbo, mrija haugusi, na moshi unarudi.

---

Dada wa Ipagala:
Habari za jioni kaka. Mimi nina Passo ya sisi 996, silinda tatu. Naipenda kwa mafuta lakini nikiwa na watu wanne na AC imewashwa, kilima kidogo tu inalia. Kuna turbo ya gari hii kweli au niache?

Mwenye uzi:
Nzuri dada, karibu. Ipo. Injini yako ni 1KR-FE, na Toyota na Daihatsu wenyewe wana ndugu yake yenye turbo, 1KR-VET, iliyokuja kwenye Raize na Rocky mwaka 2019. Inatoa farasi 98, na torki yake kubwa inaanza mizunguko 2,400. Hiyo inakuonyesha kiwango ambacho lita moja inabeba kwa afya, ingawa wao waliitengeneza kwa turbo tangu mwanzo.

Kwa hesabu yetu ya bar 0.5 hapa Dodoma, Passo yako inahitaji kama kilo 4 za hewa kwa dakika kwenye mizunguko 6,000. Hiyo ni daraja la GT12. Watu wanapenda kuchukua turbo za magari ya sisi 660 kutoka Japani. Hizo zinakaribia, ila zilitoka kwenye magari yaliyowekewa ukomo wa farasi 64, sawa na kilo 2.9 hivi za hewa. Kwenye injini yako, ukishapita mizunguko 4,300 unaidai zaidi ya ilivyozoea. Kwa mtu wa mjini asiyekimbiza gari inaweza kutosha.

Lakini nikwambie ninachoamini kwa faida yako. Turbo yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Utahitaji manifodi, intakula, sindano kubwa zaidi, pampu ya mafuta inayoweza, na kontroboksi (kompyuta ya injini) inayoweza kuandikwa upya, kwa sababu ya kiwandani haijui kuna busti. Kwa matatizo uliyoyataja, anza na filta ya hewa, plagi, usafi wa throto, breki zinazoshika, na mbano wa silinda. Passo nyingi zinazolia mlimani zimechoka hapo. Zikirekebishwa zote na bado hutosheki, pima kuiuza uchukue ya sisi 1,300 au 1,500. Itakugharimu pungufu na utalala usingizi.

Dada wa Ipagala:
Asante sana kaka, nitaileta kwanza ipimwe mbano.

---

Dereva wa Chemba:
Wakuu huku kwetu vumbi ni kama unga. Turbo itapona?

Mwenye uzi:
Itapona ukiitunza filta. Bawa la kompresa linazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, kwa hiyo chembe ya mchanga ikipita inakula ncha za bawa, na bawa likishalika ufanisi unashuka, hewa inazidi kuwa moto. Usikubali kabisa ile filta ya wazi inayofungwa mdomoni mwa turbo bila boksi. Inavuta vumbi na joto la injini kwa pamoja. Baki na boksi la kiwandani au kubwa zaidi, na mdomo wake utazame mbele au juu. Filta ikiziba ni hasara mara mbili: presha inayoingia inashuka, uwiano unapanda, turbo inakimbia zaidi ili kutoa busti ileile. Huko kwenu filta ikaguliwe kila unapomwaga oili na katikati yake pia.

Oili iwe ya daraja zuri na imwagwe mapema kuliko gari lisilo na turbo. Ukitoka safari ndefu, acha injini inguruke kidogo kabla ya kuzima, la sivyo oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuganda.

---

Mdau wa Miyuji:
Turbo ya 1KZ ya Prado nayo vipi kwa 1NZ? Zimejaa.

Mwenye uzi:
Hapana. CT12B ya 1KZ imezoea dizeli ya lita 3.0 ambayo haidhibitiwi kwa kubana hewa kama petroli, inavuta hewa nyingi hata ukiwa taratibu. Kwenye mizunguko 2,000 inaipa turbo hewa mara mbili ya 1NZ. Tena moshi wa petroli ni wa moto zaidi ya wa dizeli, na nyumba ya turbo ya dizeli haikutengenezwa kwa joto hilo. Zile za dizeli zenye mabawa yanayojigeuza ndiyo kabisa, mabawa yanakwama.

---

Mdau wa Kisasa:
Mkuu, IST yangu ni 1NZ otomatiki, mbano umepimwa ni mzuri, nina nia na bajeti. Desemba nakwenda Dar na familia. Nifunge sasa?

Mwenye uzi:
Ukifunga sasa, hilo la Dar ulimwambie anayekuandikia kontroboksi tangu mwanzo. Westigeti ya kawaida inapima busti kutoka kwenye hewa ya mahali ulipo. Hapa bar 0.5 ni presha kamili ya 138.6 ndani ya manifodi. Ukishuka Morogoro inapanda, na Dar inafika 151, juu ya hewa yenye joto. Injini iliyokuwa imetulia hapa inaweza kuanza kugonga kule, na kama sindano zilikuwa zimeshafika mwisho wake hapa, kule mchanganyiko utakuwa mwembamba na pistoni itaungua njiani.

Kwa hiyo mambo matatu. Kontroboksi isome presha kamili ya manifodi, si mguu wako peke yake. Sindano na pampu zichaguliwe kwa kilo za hewa za Dar, ambazo zinazidi za hapa kwa karibu asilimia 9. Na westigeti iwekwe spring ya bar 0.4, kisha hapa Dodoma tuongeze kidogo kwa kidhibiti ambacho unaweza kukizima ukishuka.

Gia boksi yako ya gia 4 isipewe torki ghafla chini ya mizunguko 2,000. Hilo linarekebishwa kwenye kontroboksi, busti ikaingia taratibu. Oili ya gia ibadilishwe kabla ya kufunga.

Turbo yenyewe chukua daraja la GT15, A/R ndogo. Kabla ya kulipa, shika shafti uisukume mbele na nyuma: isicheze kiasi cha wewe kuhisi. Kando kwa kando itacheza kidogo ikiwa haina oili, hiyo ni kawaida, mradi bawa lisiguse ukuta. Mulika tochi uangalie ncha za mabawa yote mawili, la baridi na la moto. Ukiipata nitumie picha ya kibati chenye namba kabla hujatoa hela, nitaitafuta ramani yake tuiweke IST yako juu yake tuone inaangukia wapi.